Alicheka kila tulipomgeuza: uchambuzi wa kisa cha maumivu yaliyosikika kama furaha

Kisa hiki kinatoka katika wodi ya wagonjwa wa kiharusi niliyokuwa nikisimamia zamu kama muuguzi. Umri kamili, tarehe na mambo yote yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyaondoa. Mfuatano wa matukio nimeuacha ulivyokuwa. Mwenyewe nitamwita Mzee, kwa sababu ndivyo tulivyomwita kitandani. Nawaandikia wauguzi, wahudumu wa wodi, na ndugu wanaomuuguza mtu asiyeweza kusema, maana sisi tuliisikia sauti ya mtu huyu kwa majuma mawili tukaielewa kinyume.

## Usuli

Mzee alikuwa amepita miaka 60. Kiharusi kilimpata upande wa kushoto wa ubongo, kikalegeza mkono na mguu wake wa kulia, kikamwachia afasia nzito: sentensi fupi alizielewa kwa sehemu kubwa, lakini yeye mwenyewe hakuweza kuunda neno. Picha ya ubongo ilionyesha pia kovu dogo la zamani upande wa kulia, alama ya kiharusi cha awali ambacho familia haikuwahi kukijua. Ripoti ililitaja kovu hilo kwa mstari mmoja, na hakuna kati yetu aliyelitilia maanani. Nitalirudia, kwa sababu lilibeba nusu ya jibu.

Sauti alizobaki nazo zilikuwa nne, kwa hesabu niliyoifanya baadaye. Ya kwanza ni "mhm", aliyoitoa kila mtu alipomsemesha. Ya pili ni "aa" ndefu inayoshuka, iliyokuja akichoka kujaribu kusema. Ya tatu ni kicheko, kikubwa, cha kufungua kinywa chote. Ya nne hatukuihesabu wakati ule kwa kuwa hatukuwa tumeisikia, ingawa ilitoka mbele yetu kila baada ya saa chache.

Mtu akipoteza maneno hajapoteza sauti. Mgonjwa anayejulikana kuliko wote katika historia ya afasia, Louis Victor Leborgne wa hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, alibaki na silabi moja, "tan", ambayo aliirudia mara mbili mbili huku akijieleza kwa ishara. Asipoeleweka alikasirika, na hapo tusi likamtoka. Paul Broca alimpima Aprili 1861, siku chache kabla hajafa. Huwa tunasahau kwamba Leborgne hakupelekwa kwa Broca kwa ajili ya usemi wake. Broca alikuwa daktari wa upasuaji, na mgonjwa alikuwa na mguu wa kulia ulioshambuliwa na uozo. Alikuwa mtu mwenye jeraha baya na silabi moja ya kulielezea. Mzee wetu hakuwa na hata silabi.

## Mfuatano wa mambo

Tangu siku ya kwanza tulimgeuza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili, mmoja mbele ya mgonjwa na mmoja nyuma. Shuka linavutwa, na mkono uliolegea unaletwa mbele ya kifua ili usibaki umelaliwa. Siku ya 2, mimi nikiwapo, Mzee alipovutwa mkono aliangua kicheko. Kinywa wazi, macho yamejikunja, bega la kushoto linatikisika. Mhudumu aliyekuwa mbele yake akacheka naye: "Mzee, kumbe tunakutekenya!" Wodi ilikuwa na wagonjwa wazito, na kicheko kile kilituondolea uchovu. Jioni niliandika kwenye faili: "Mgonjwa mchangamfu, anatoa ushirikiano." Maneno hayo ni yangu, na kila zamu iliyofuata iliyasoma kabla ya kumwona.

Siku ya 5 tulimpima maumivu kwa PAINAD, kipimo kilichochapishwa 2003 kwa ajili ya watu wenye demensia (kufifia kwa kumbukumbu na akili) iliyokomaa ambao hawawezi kujieleza. Kina vipengele 5: upumuaji, sauti za dhiki, uso, mwili, na kama mtu anabembelezeka. Kila kipengele kina alama 0 hadi 2, na jumla ya juu ni 10. Mzee alipata 2, kwa sababu ya ngumi aliyoikunja mkono wa kushoto. Sauti alipata 0, uso 0. Nikaongeza swali la mdomo. "Mzee, unaumwa popote?" Akasema, "Mhm." "Au huumwi?" "Mhm." Nikaandika kwamba hakuna dalili ya maumivu.

Siku ya 7 binti yake, aliyekuja kila alasiri, alinisubiri mlangoni. "Dada, samahani," akasema, "hicho si kicheko cha baba." Nilimjibu kwamba kiharusi hubadilisha watu, asihuzunike, ni kawaida. Nilichosema kilikuwa kweli, na kwa ukweli huo huo nilimfunga mdomo. Hakulizungumzia tena kwa siku kadhaa, na mimi sikuliandika popote.

Kuanzia siku ya 9 mambo yalibadilika taratibu. Mzee alianza kucheka kabla hatujamgusa, pale tu alipoona watu wawili wakija na shuka. Kwenye mazoezi ya viungo alikakamaa, na karatasi ya fiziotherapia ikaandikwa kwamba hana ari. Usiku alikesha. Kila jambo liliandikwa na mtu wake, kwenye ukurasa wake, na hakuna aliyezikutanisha kurasa hizo.

Usiku wa siku ya 14 tulikuwa na mhudumu mpya, msichana aliyeanza kazi juma lile. Aliwekwa nyuma ya mgonjwa, mahali pa mtu asiye na uzoefu, kwa kuwa wa mbele ndiye anayeongoza. Mzee akageuzwa, akacheka kama kawaida. Msichana akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kukosea: "Dada, huyu baba mbona anapiga kite?"

Sisi tuliokuwa mbele tulimwona anacheka. Yeye aliyekuwa nyuma hakuuona uso, alikuwa na mgongo na sauti tu. Na alichokisikia, kabla ya kicheko, ni mguno mfupi uliobanwa kooni, midomo imefungwa: ile sauti ya mtu anayebeba kitu kizito au anayejikaza asilie. Niliomba tumgeuze tena saa mbili baadaye, nami nikasimama nyuma. Nilikisikia wazi. Kilikuwapo, kisha pumzi ikasimama kidogo, kisha kicheko.

## Tulichoamua, na kwa nini

Shauri la kwanza kutolewa asubuhi lilikuwa kumpa dawa ya usingizi ya usiku, kwa kuwa halali na anahangaika. Nilipinga. Dawa ya usingizi ingenyamazisha sauti zote mbili, kite na kicheko, na hizo ndizo zilikuwa njia pekee ya kujua kinachompata. Tulikubaliana na daktari tumtazame kwa siku nzima kwanza, bila kubadili dawa yoyote, kila anayemgusa akiandika mambo matatu tu: amefanya nini, sauti gani imetoka, na ipi imetangulia.

Wakati huo huo nilirudi kwenye "mhm" yake. Nilimuuliza maswali ambayo majibu yake yanajulikana. Wewe ni mwanamume? "Mhm." Wewe ni mwanamke? "Mhm." Sasa ni usiku? "Mhm", na jua lilikuwa linamwaka usoni. Hiyo ilitosha kufuta jibu la siku ya 5. "Mhm" ya Mzee haikuwa ndiyo wala hapana. Ilikuwa namna yake ya kusema nimekusikia, niko hapa. Ni sauti ya thamani, lakini tulikuwa tumeitumia kama saini.

Binti yake nilimfuata mwenyewe, nikamwomba radhi, nikamuuliza alichomaanisha. Hakueleza kwa maneno. Alitoa simu akanionyesha video ya miaka miwili nyuma, baba yake akicheka kwenye shughuli ya familia. Kicheko kile kilianzia puani. Zilitoka pumzi mbili tatu za pua bila sauti, kisha kifua, kisha sauti ikapanda na kuachia polepole, ikabaki tabasamu. Cha wodini kilianza ghafla kikiwa kimeshafika juu, kikakatika ghafla kwa kuvuta pumzi ya ndani yenye mkwaruzo, na uso ukarudi mtupu. Niliitazama video ile mara nyingi siku hiyo. Binti alikuwa ameisikia tofauti hiyo tangu juma la kwanza.

Karatasi za siku ile ya uangalizi zilionyesha jambo moja bila utata: akigeuzwa kwa kushikwa nyonga na mgongo, mkono wa kulia ukiwa umeegemezwa, kimya. Mkono ukivutwa, kite na kicheko. Siku ya 16 daktari alimpima mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia. Tulimweleza Mzee kwanza, kwa maneno mafupi, kwamba tutagusa bega na huenda likauma, na kwamba tutafanya mara moja tu. Kuligusa bega bila kulisogeza hakukutoa sauti. Mkono ulipoinuliwa kidogo kutoka ubavuni, kite. Ulipoinuliwa zaidi, kicheko, na machozi pamoja nacho.

Bega lilikuwa limeshuka. Misuli inayolishikilia ilipolegea kwa kiharusi, uzito wa mkono uliuvuta mfupa chini kutoka kwenye kikombe chake, na chini ya ncha ya bega palikuwa na nafasi unayoweza kuipima kwa kidole. Hili hutokea kwa wagonjwa wengi wa kupooza upande mmoja, na linajulikana kwamba kumvuta mgonjwa kwa mkono au kumnyanyua kwa kwapa hulifanya liwe baya zaidi. Sisi tulikuwa tumeuvuta mkono huo mara 10 hadi 12 kwa siku.

Maamuzi yaliyofuata yalikuwa ya kawaida na hayakuhitaji kifaa chochote kigeni. Mkono uliegemezwa kwa mto akilala na akikaa. Tulikatazana kuuvuta, anayegeuza ashike nyuma ya bega, kwenye mfupa wa bega, au nyonga. Parasetamoli ilipewa saa zake bila kusubiri dalili, na dozi moja ikapangwa iwe imeshaanza kufanya kazi kabla ya mazoezi. Kuhusu kicheko chenyewe daktari aliandika, kwa mara ya kwanza, kwamba huenda ni kicheko kisichotawalika cha baada ya kiharusi, na hapo ndipo kovu la upande wa kulia liliposomwa tena.

## Matokeo

Kite kiliisha kwanza. Baada ya siku nne za kumshika vizuri, hakuna zamu iliyokiandika tena wakati wa kugeuza, isipokuwa siku moja mhudumu wa kubahatisha kutoka wodi nyingine alipovuta mkono bila kujua. Usingizi ulirudi. Kwenye mazoezi akaacha kukakamaa, na lile neno "hana ari" likaondoka lenyewe.

Kicheko hakikuisha. Kiliacha kutokea alipogeuzwa, lakini kiliendelea kutokea mlango ukifungwa kwa kishindo, mtu akimwinamia ghafla, na siku moja, vibaya sana, binti yake alipomweleza kwamba jirani yao wa zamani amefariki. Alicheka mpaka akatokwa machozi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshtuka na anayejionea aibu. Daktari alianza dawa ya kundi linalotumika kutibu sonona, kwa dozi ndogo, kwa kuwa dawa hizo zinajulikana kupunguza vicheko na vilio vya aina hii hata kwa mtu asiye na sonona. Katika majuma yaliyofuata vilipungua wingi na urefu.

Hapo katikati tulifanya kosa jingine, na sitaliruka. Baada ya kugundua kwamba tulikuwa tumeyaita maumivu furaha, tuligeuka tukaanza kukiita kila kicheko maumivu. Kwa siku mbili kila alipocheka mtu alikimbilia dawa, na jioni moja akaongezewa dawa kali zaidi. Alisinzia, mazoezi ya siku mbili yakapotea. Kicheko cha jioni ile hakikuwa na kite mbele yake wala hakuna aliyekuwa amemgusa. Mjukuu wake alikuwa ameingia amevaa viatu vya watu wazima. Muuguzi wa zamu alifanya hivyo kwa huruma. Mimi ndiye niliyempa maagizo mabovu: nilimwambia "akicheka, ujue anaumwa", badala ya kumweleza asikilize nini.

Mzee alitoka wodini akiwa na maneno matatu, moja likiwa jina la binti yake. Bega halikupona kabisa.

## Uchambuzi: kwa nini sote tulidanganyika

Ni rahisi kusema hatukuwa makini. Nimelifikiria sana jambo hili na naona si kweli, au si kweli yote. Tulikuwa makini na sauti yake, ila tulikuwa makini na sauti isiyofaa, na kuna sababu kicheko kilituvuta kuliko kite.

Kicheko ni miongoni mwa sauti ambazo binadamu huzitambua kwa urahisi popote walipo. Watafiti waliwasikilizisha Wahimba wa kaskazini mwa Namibia sauti za hisia zisizo na maneno zilizotolewa na Waingereza, na Waingereza wakasikilizishwa za Wahimba. Matokeo yalichapishwa 2010: kila upande uliweza kutambua hofu, hasira, huzuni, kinyaa na mshangao wa upande wa pili, na katika sauti za raha, iliyovuka mpaka bila shida ni kicheko cha furaha. Mtu aliyezaliwa kiziwi hucheka kicheko tunachokitambua mara moja, ingawa hajawahi kukisikia kwa mwingine. Sauti ya namna hiyo haitupi nafasi ya kujiuliza. Inaingia sikioni ikiwa imeshatafsiriwa, tena inaambukiza. Kabla hujapima chochote, nawe umeshacheka, na mtu aliyecheka pamoja na mgonjwa haanzi kumtafuta anapoumwa.

Kite hakina nguvu hiyo. Ni kifupi, ni cha chini, na hutoka midomo ikiwa imefungwa. Asili yake ni ya kimwili kabisa. Mtu anapojikaza dhidi ya maumivu, au anaponyanyua mzigo, mlango wa koo hujifunga ili kifua kibaki kigumu na kiwiliwili kisiyumbe. Pumzi iliyobanwa hapo ikipenya ndiyo inayotoa mguno. Kwa hiyo kite si ujumbe aliotutumia Mzee, ni mlio wa mwili wake ukijifunga. Ndiyo maana ninakiamini kuliko kicheko, na ndiyo maana ilifaa sana kwamba yule msichana alilijua neno. Kiswahili kina guna, gumia, ugua, sonya, tweta, piga kite, shusha pumzi, na kila moja ni sauti yake. Faili letu lilikuwa na mawili tu: analalamika, halalamiki. Sauti isiyo na mahali pa kuandikwa haisikiki kwa muda mrefu.

Kicheko nacho kilitoka wapi? Sauti za hisia hazipiti njia ile ile ya usemi. Usemi hutegemea maeneo ya juu ya ubongo yanayoongoza misuli ya kinywa na koo kwa makusudi. Kilio, kicheko na mguno huendeshwa zaidi na mfumo wa zamani zaidi wa hisia, unaoshuka kupitia ubongo wa kati hadi kwenye shina la ubongo, ambako pumzi, koo na uso huunganishwa kuwa tendo moja. Ndiyo maana mtu asiyeweza kutamka "maji" anaweza kucheka vizuri kabisa. Kwa kawaida maeneo ya juu huuzuia mfumo huo na kuupatanisha na tukio lililopo. Njia za uzuiaji zikijeruhiwa, hasa pande zote mbili, mlango hubaki umeegeshwa tu. Msisimko wowote unaufungua, uwe wa furaha, hofu, msiba au bega linalovutwa. Daktari wa neva Kinnier Wilson aliiandikia hali hii uchambuzi maarufu 1924, na madaktari waliijua hata kabla yake. Haikuwa siri. Kovu la kulia pamoja na kiharusi kipya cha kushoto vilikuwa vinatuambia kwamba mtu huyu anaweza kucheka bila kuwa na furaha, na ripoti ilikuwa ndani ya faili.

Kwa hiyo si sahihi kusema kicheko chake "kilimaanisha" maumivu. Kosa letu la jioni ile ya mjukuu na viatu lilitokana na kauli hiyo. Kulikuwa na mambo mawili yaliyofuatana: maumivu, ambayo sauti yake ilikuwa kite, na msisimko wa maumivu hayo uliofungua mlango ulioegeshwa, ambao sauti yake ilikuwa kicheko. Kicheko peke yake hakikutuambia chochote zaidi ya kwamba mlango umefunguliwa.

Kipimo nacho kinahitaji kutendewa haki. PAINAD hutoa alama 0 kwa uso unaotabasamu, na kwenye kipengele cha sauti huhesabu kuugua, kulia na kuita kwa dhiki. Kicheko hakina alama. Waliokitengeneza hawakukosea, walikuwa wanawatazama watu wengine wenye ugonjwa mwingine. Lakini kwa Mzee, vipengele viwili kati ya vitano vilikuwa vimefungwa kwenye 0 na kicheko chenyewe, hata bega lingekuwa limevunjika. Tena tulimpima akiwa ametulia kitandani, wakati mkono haujaguswa. Upumuaji ulikuwa wa kawaida kwa sababu hakuna kilichokuwa kinamuuma dakika ile. Tungempima akigeuzwa, pumzi iliyosimama na mwili uliokakamaa vingeonekana.

Ambacho kilifanya kazi, naona ni kukataa dawa ya usingizi. Kimya kingetupendeza. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipohuisha maana ya maumivu 2020, kiliandika kwamba kutoweza kuwasiliana hakuondoi uwezekano kwamba mtu anaumwa. Kwa mgonjwa kama Mzee ningeongeza kwamba kila unachomnyang'anya katika sauti zake chache unakinyang'anya pia katika uwezo wako wa kumtibu. Kazi nyingine iliyozaa matunda ni ile ya kuandika kipi kimetangulia. Kite kilikuja kabla ya kicheko na baada ya mkono. Nje ya mpangilio huo sauti zote mbili zilikuwa kelele.

Ambacho kilishindwa zaidi, na hapa siwezi kuwa mpole, ni namna nilivyompokea binti. Alikuwa ndiye mtaalamu pekee wa kicheko cha baba yake duniani. Hakuwa na istilahi, alikuwa na sikio la zaidi ya miaka 30. Maneno yake, "hicho si kicheko cha baba", yalikuwa uchunguzi kamili wa kitaalamu: kwamba sauti hii haina mwanzo wala mwisho wa kicheko cha mtu huyu. Mimi niliyachukua kama huzuni ya mtoto na nikamfariji. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 ni juma zima, na kwa hesabu ya kugeuza ni zaidi ya mara 70 za kuvutwa mkono. Kumfariji kulinichukua dakika moja. Kumuuliza "kicheko chake kikoje?" kungenichukua mbili.

Mhudumu mpya naye aliuliza kwa woga, na nina hakika angekuwa amekaa mwezi mmoja zaidi kwenye wodi asingeuliza, kwa sababu angekuwa ameshasoma "mchangamfu" kwenye faili na ameshazoea kucheka naye.

Tangu kisa hiki, karatasi ya wodi ina mistari miwili mipya. Wa kwanza hujazwa na ndugu siku ya kulazwa: mgonjwa huyu, alipokuwa mzima, alichekaje, aliguna vipi, akiumwa alitoa sauti gani au alinyamaza? Wengi huujaza kwa furaha, wengine huleta video bila kuombwa. Wa pili ni wa kwetu: sauti iliyosikika, na kilichotokea mara tu kabla yake. Huo wa pili zamu za mchana huujaza vizuri. Za usiku, ambako wahudumu ni wachache na kila mtu anakimbia, asubuhi mara nyingi naukuta mtupu, na bado sijapata njia ya kuwasaidia. Kwa sasa ninachofanya, nikiwa zamu ya usiku, ni kusimama nyuma ya mgonjwa angalau mara moja kwenye kila kitanda cha mtu asiyesema, nikiwa sioni uso.